Kuzungumza na mwenye mnyama: mwongozo kamili kwa daktari wa mifugo

Paka dume analetwa kliniki ndani ya kapu. Mwenyewe anasema, "Daktari, hapati choo tangu jana, anajikamua tu." Daktari mwenye haraka anashika neno "choo", anatoa dawa ya kulainisha, na paka anarudishwa nyumbani. Kumbe kilichoziba ni mrija wa mkojo. Paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo ni dharura: potasiamu hupanda kwenye damu, mapigo ya moyo huvurugika, na ndani ya siku mbili tatu anaweza kufa. Swali moja lingebadilisha mambo: "Mara ya mwisho kumwona akikojoa ilikuwa lini?" Ni kweli kwamba kupapasa kibofu kungeonyesha tatizo, lakini mkono hupapasa pale akili ilipouelekeza, na akili ilishaelekezwa na sentensi ya kwanza ya mteja.

Mgonjwa wetu hasemi. Historia yake yote hutoka kwa binadamu aliye upande wa pili wa meza, na dawa zote zitatolewa na binadamu huyohuyo, nyumbani au zizini, wewe ukiwa haupo. Ndiyo maana mimi huyahesabu mazungumzo kuwa sehemu ya tiba, sawa na kushona jeraha au kupima joto. Kama kushona, hufundishika kwa vitendo vidogo vinavyorudiwa. Wanaodhani ni kipaji cha kuzaliwa huacha kujifunza mapema, na wanyama wao hulipa gharama.

Mpangilio ninaoufuata hapa una asili yake katika mwongozo wa Calgary-Cambridge, ambao Suzanne Kurtz na Jonathan Silverman waliuchapisha mwaka 1996 kwa ajili ya madaktari wa binadamu. Baadaye vyuo vya udaktari wa mifugo viliuchukua na kuurekebisha. Unagawa mazungumzo katika kufungua, kukusanya habari, kupima, kueleza na kupanga, kisha kufunga. Na katika hatua zote hizo unajenga uhusiano na kumwonyesha mteja mnakoelekea.

Hatua ya 1: Kabla mteja hajaingia

Soma kumbukumbu. Jua jina la mnyama, jinsia yake, alikuja lini mara ya mwisho na kwa nini. Zima sauti ya simu. Hakikisha mteja ana mahali pa kukaa na wewe pia, kwa sababu mtu aliyesimama mlangoni huonekana anataka kuondoka hata kama hana haraka yoyote. Kama umetoka kwenye upasuaji mgumu, vuta pumzi nusu dakika kabla ya kusema karibu.

Hatua ya 2: Fungua kwa swali pana, kisha nyamaza

Salimia, jitambulishe, mtaje mnyama kwa jina lake. Halafu uliza swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana: "Nieleze, mmeona nini kwa Simba mpaka mkaamua kumleta leo?" Ukishauliza, funga mdomo.

Hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti wao wa Marekani kuhusu madaktari wa binadamu: kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18, na ni mgonjwa mmoja tu kati ya wanne hivi aliyefika mwisho wa maelezo yake ya kwanza. Hakuna sababu ya kudhani kwamba sisi wa upande wa wanyama tuna subira zaidi. Anayekatizwa mara nyingi harudi pale alipoachia, na jambo lililomtia hofu kuliko yote huwa halijatajwa bado.

Wakati anaeleza, mtazame. Itikia kwa "ehee" na "endelea". Usiandike kila neno, andika akishamaliza. Akinyamaza, hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo kabla ya kusema chochote, maana watu wengi hutoa habari ya maana baada ya kimya kifupi. Kisha uliza: "Kuna jingine?" Rudia mpaka aseme, "Basi, ni hayo tu." Maneno haya mawili hukuokoa na yule mteja ambaye, ameshashika kitasa cha mlango, anageuka na kusema, "Halafu daktari, jana alianguka akatetemeka kidogo."

Ukishapata orodha yote, irudie kwa kifupi na mkubaliane mpangilio: "Nimesikia mambo matatu: kikohozi, kukonda, na jino. Kikohozi kinanipa wasiwasi zaidi, tuanze nacho. Jino tukiliweka siku nyingine itakuwa sawa?" Mteja akijua kwamba jambo lake limesikika na lina nafasi yake, hatalirudia kila baada ya dakika mbili.

Hatua ya 3: Chimba historia bila kulaumu

Toka kwenye maswali mapana kwenda kwenye maswali finyu. Ukianza na finyu, "Anakula? Anatapika? Anaharisha?", unapata majibu ya neno moja na picha iliyokatika vipande. Acha mteja achore picha yake kwanza, wewe ujaze mapengo.

Wateja huleta tafsiri, na wewe unahitaji walichokiona. "Amekuwa mnyonge" maana yake nini? Halali alipozoea kulala? Anabaki nyuma wenzake wakienda malishoni? Haamki mtu akiingia? Mwenye mbwa akisema anatapika, muulize kama tumbo hujikunja kwa nguvu kwanza au chakula hudondoka tu kama alivyokimeza. Jibu la kwanza linakupeleka tumboni na kwenye utumbo, la pili kwenye koo la chakula. Ni safari mbili tofauti kabisa, na zinatenganishwa na swali moja. Siku hizi omba video. Kikohozi, kifafa na kuchechemea hupenda kutoweka mnyama akifika kliniki, na sekunde ishirini za video ya simu hushinda dakika kumi za maelezo.

Uliza pia ni nani hasa anayekaa na mnyama. "Nani anamlisha? Nani anamkamua?" Aliyemleta huenda ni mwenye gari tu. Kama mjuzi yuko nyumbani, mpigie simu hapohapo mbele ya mteja. Nimeona historia nzima ikigeuka kwa simu ya aina hiyo.

Sasa lawama. Chukua paka mwingine: anahema kwa shida, uso umevimba, fizi zina rangi ya kahawia. Unashuku parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo inavyotakiwa, na kidonge kimoja cha kawaida cha mtu mzima kinaweza kumuua. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo, asetilisisteini, hufaa zaidi ikitolewa mapema. Ukiuliza kwa ukali, "Ulimpa dawa gani wewe?", mtu aliyempa kidonge kwa nia njema ataona aibu na kusema hakumpa kitu. Mfungulie njia: "Watu wengi wakiona mnyama anaumwa hujaribu kumsaidia na kile kilichopo nyumbani. Ni jambo la kawaida. Mlijaribu kumpa chochote, hata kidogo? Nikijua, nitachagua tiba inayofaa." Akikubali, usibadilike uso. Sema, "Ahsante kwa kuniambia, hilo linanisaidia sana," kisha anza kazi. Mafundisho ya dawa za binadamu yatakuwepo baadaye, mnyama akishatulia. Njia hiyohiyo hufanya kazi kwa mfugaji aliyeshachoma sindano mwenyewe kabla ya kukuita, na kwa yule aliyechelewa wiki mbili.

Hatua ya 4: Pima huku ukisema

Mteja haoni unachokifanya kwa vidole, anaona umekaa kimya na kukunja uso. Mwambie unachotafuta na ulichokipata: "Naangalia fizi, rangi ni nzuri. Sasa nasikiliza moyo, nipe dakika moja ya kimya." Kabla ya kuanza kabisa, eleza nani atamshika mnyama na vipi, na kama kuna hatari ya kung'ata au kupiga teke, sema wazi mteja asimame wapi.

Hatua ya 5: Eleza kidogo, uliza, ongeza

Anza kwa kujua anachokijua. "Umewahi kusikia kuhusu ugonjwa wa kiwele?" Huenda amewahi kufiwa na ng'ombe kwa ugonjwa huo, huenda hajui lolote, huenda ana imani fulani ambayo usipoigusa itapindua maelezo yako yote. Kisha toa kipande kimoja cha habari, simama, uliza anakionaje, ndipo utoe kingine. Mhadhara wa dakika tano huingia sikio moja na kutokea la pili.

Onyesha kila unachoweza kuonyesha. Kipimo cha kiwele cha California, kilichobuniwa mwaka 1957, ni mwalimu mzuri kuliko sisi: unakamua kila chuchu kwenye kikombe chake, unatia dawa, unazungusha, na maziwa ya upande unaoumwa yanaganda kama ute mbele ya macho ya mfugaji. Mpe akizungushe mwenyewe. Baada ya hapo huna haja ya kumshawishi kwamba maziwa yanayoonekana safi yanaweza kuwa na ugonjwa. Picha ya eksirei, yai la minyoo kwenye hadubini, jino bovu: vyote vitumie hivyohivyo.

Maagizo yasizidi matatu kwa mkupuo, na yawe ya vitendo. Kama lebo ya dawa inataka maziwa yazuiwe saa 72, usiseme "subiri siku tatu". Mmoja atahesabu kuanzia sindano ya kwanza, mwingine ataanza kuhesabu kesho yake. Sema: "Sindano ya mwisho ni Jumanne jioni. Maziwa yote mpaka Ijumaa mchana usiuze wala msinywe. Ya Ijumaa jioni ruksa." Liandike hilo. Mwambie pia kwa nini: mabaki ya antibaotiki kwenye maziwa humwathiri mwenye mzio na huchangia usugu wa vimelea. Mtu anayejua sababu hushika agizo hata ukiwa mbali.

Kisha hakiki. Swali "Umeelewa?" halina kazi, kwa sababu karibu kila mtu hujibu ndiyo kwa heshima. Jitwishe mzigo mwenyewe: "Nimesema mambo mengi, nataka kujua kama nimeyaeleza vizuri. Mama, ukifika nyumbani utampaje dawa hii?" Msikilize akieleza, rekebisha palipopinda, mrudie tena. Kama ni kidonge cha paka au matone ya jicho, dozi ya kwanza aitoe mteja hapo mezani, wewe ukitazama. Utashangaa ni wangapi hawajawahi kufungua mdomo wa paka.

Hatua ya 6: Fedha zisemwe mapema

Sipendi kuona gharama zikitajwa kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la malipo. Ni kumvizia mtu. Taja makadirio kabla ya vipimo, kwa kiwango cha chini na cha juu, na useme kinachoweza kuyapandisha. Toa njia zaidi ya moja na useme kila moja inakupa nini na inakunyima nini. Usikadirie mfuko wa mtu kwa mavazi yake ukamfichia tiba uliyodhani hataimudu, na usimfanye anayechagua njia nafuu ajione hampendi mnyama wake. "Njia zote mbili ni za haki kwa mnyama huyu," likiwa kweli, ni sentensi inayomwondolea mtu mzigo mkubwa. Ukishataja kiasi, nyamaza. Ukianza kujitetea au kupunguza kabla hajasema neno, unamwambia kwamba hata wewe huiamini bei yako.

Hatua ya 7: Habari mbaya na kifo

Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha mpangilio wa SPIKES kwa madaktari wa saratani, na unafaa sana kwetu. Andaa mazingira. Jua mteja anafahamu nini tayari. Uliza kama yuko tayari kusikia. Toa habari kwa maneno machache. Pokea hisia zake. Mwisho, pangeni hatua inayofuata.

Kwa vitendo inaenda hivi. Mpeleke mahali pa faragha, mkae wote wawili. "Mzee, kabla hatujapima ulikuwa unahisi ni nini?" Msikilize. Kisha onyo: "Majibu si mazuri kama tulivyotarajia." Subiri kidogo, huo ndio muda wake wa kujikaza. Halafu sema lenyewe: "Uvimbe ni saratani, na umefika kwenye mapafu." Nyamaza tena. Kishawishi cha kujaza kimya kwa maelezo ya dawa ni kikubwa, nawe ukikubali utakuwa unajitibu woga wako mwenyewe. Akilia, mwache alie, msogezee kitambaa. Ukisema, sema unachokiona: "Naona umempenda sana." Epuka "najua unavyojisikia" na epuka kabisa "utapata mwingine".

Ikifika kwenye kukatisha maisha ya mnyama bila maumivu, tumia maneno yasiyo na maana mbili. "Tumlaze" au "tumpumzishe" huweza kusikika kama kumlaza kliniki apate nafuu, na mtu akarudi kesho kumchukua. Sema "afe bila maumivu" angalau mara moja, kwa sauti ya upole, na uhakikishe ameelewa kabla hajatia saini.

Kisha eleza kitakachoonekana, kwa utaratibu, kabla hakijatokea: ataingizwa dawa kwenye mshipa, atapoteza fahamu haraka, kisha moyo utasimama. Macho hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja mbili kubwa au misuli ikatetemeka akiwa ameshakufa, na mkojo unaweza kutoka. Asiyeambiwa haya ataondoka akiamini mnyama wake aliteseka, na picha hiyo atakaa nayo miaka. Uliza kama anataka kuwepo, kama watoto waambiwe na vipi, mwili utaenda wapi. Malipo yamalizwe kabla. Ukishasikiliza kifua, sema kwa neno lenyewe: "Amekufa." Halafu mwache akae naye.

Usidhani haya ni ya wenye mbwa na paka pekee. Mfugaji anayepoteza ng'ombe aliyemlea tangu ndama anapoteza kipato na mwenzi wa kila siku kwa wakati mmoja, na mara nyingi hakuna anayempa pole. Na wewe mwenyewe, baada ya kazi hiyo, chukua dakika mbili kabla ya kumwita anayefuata.

Mteja mwenye hasira

Hasira nyingi kliniki ni hofu, hatia au fedha. Punguza sauti yako, kaa chini, mwache amalize. Usianze na utetezi. "Unasema ulipiga simu mara mbili na hakuna aliyekurudia, na wakati huo mbwa anazidi kuwa mbaya. Ninaelewa kwa nini umekasirika." Kueleza tena alichosema si kukiri kosa, ni kumthibitishia kwamba umesikia. Kama kliniki ilikosea, sema hivyo na uombe radhi waziwazi, kisha sema kitakachofanyika na lini. Matusi na vitisho ni jambo jingine: "Nataka kukusaidia, lakini siwezi tukiendelea hivi," na ikibidi, toka chumbani umwite mwenzako.

Mfugaji ambaye hafuati ushauri

Umeshasema mara kadhaa chuchu zichovywe kwenye dawa baada ya kukamua, na bado hazichovywi. Kusema kwa mara nyingine hakutasaidia. Mbinu iliyoanzishwa na William Miller mwaka 1983 kwa watu wenye tatizo la pombe, na baadaye kuendelezwa naye pamoja na Stephen Rollnick, imeingia pia kwenye afya ya mifugo: sababu za kubadilika azitaje mwenyewe. "Kutoka sifuri mpaka kumi, kupunguza ugonjwa wa kiwele kuna umuhimu gani kwako?" Akisema tano, uliza, "Kwa nini tano na si mbili?" Hapo atakutajia faida kwa mdomo wake. Ukiuliza kwa nini si tisa, utamlazimisha ajitetee. Kisha: "Nini kinakwamisha?" Jibu linaweza kuwa la kawaida kabisa, kwa mfano mkamuaji hajaonyeshwa, au dawa huwekwa mbali na zizi. Hayo mnaweza kuyamaliza siku hiyohiyo.

Hatari kwa watu

Ukishuku kichaa cha mbwa, weka pembeni mbinu za polepole na usiache nafasi ya kutoelewana. Uliza ni nani wote waliong'atwa, waliokwaruzwa au waliopatwa na mate kwenye kidonda. Toa agizo fupi: "Osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na muende hospitali leo hii." Eleza kwamba dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikianza mapema humkinga. Mwombe akurudie maneno hayo, uhakikishe ameelewa.

Kukabidhiana zamu

Na kati yetu wenyewe habari hupotea. Fuata vitu vinne: hali ikoje sasa, historia fupi, unadhani ni nini, unataka mwenzako afanye nini na saa ngapi. Ongeza cha tano: mteja ameambiwa nini. Hakuna kinachovunja imani haraka kuliko madaktari wawili wenye maelezo mawili.

Namna ya kujizoeza

Chagua ujuzi mmoja kwa wiki. Wiki ya kwanza iwe kimya baada ya swali la kwanza, kwa kuwa ndio unaoleta mabadiliko ya haraka kuliko mwingine wowote. Inayofuata iwe "Kuna jingine?", kisha kuhakiki maagizo. Ukijaribu vyote kwa siku moja utarudi kwenye mazoea ya zamani kufikia mchana.

Igizeni na wenzako. Mmoja awe mteja mwenye siri, kwa mfano ameshampa paka kidonge na anaona aibu. Mmoja awe daktari, mmoja atazame tu na kuandika maneno halisi yaliyosemwa. Anayetazama asiseme "ulikuwa mzuri". Aseme, "Uliposema 'kwa nini mmechelewa', aligeuza macho." Kisha rudieni dakika hizohizo mbili kwa maneno mengine.

Ukiweza, rekodi sauti ya mazungumzo halisi, kwa ruhusa ya mteja iliyoombwa kabla ya kuanza na kwa ahadi kwamba itasikilizwa na wewe tu. Sikiliza dakika tano za mwanzo. Angalia ulimkatiza baada ya muda gani, nani alizungumza zaidi, ni neno gani la kitaalamu lilikuponyoka bila maelezo, na ni wapi alitaja jambo la kumuumiza nawe ukapita juu yake kwenda kwenye swali lako. Andika sentensi moja ya kubadilisha, ibandike mahali utakapoiona kabla ya mteja wa kesho, kisha futa rekodi kama ulivyoahidi.